Mbwa wako ameuma mtu: la kufanya tangu dakika ya kwanza, na kwa nini kibao cha “Mbwa Kali” hakitakutetea

Ukipita mitaa ya Nakuru, hapa Kenya, iwe Kiamunyi, Naka, Lanet au kule Section 58, utaona geti baada ya geti lenye kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Mimi pia nilikuwa nacho. Niliamini kwamba nikishamwonya mtu, akiingia akaumwa, hiyo ni shauri yake. Kisha jioni moja ya likizo ya Agosti mtoto wa jirani, mwenye miaka saba, aliingia kwangu kufuata mpira wa juala ulioruka ukuta, na mbwa wangu akamuuma kigimbi kabla sijatoka jikoni.

Kuanzia jioni ile hadi tulipomalizana na wazazi wake, nimejifunza mambo ambayo natamani kila mfuga mbwa ayajue mapema. Mwongozo huu nimewaandikia wenye mbwa, na aliyeumwa naye ataona humu anachostahili kudai. Nimezipanga hatua jinsi zinavyofuatana siku ile. Sheria nimeiweka katikati kwa sababu wakati wa kuifikiria huja baada ya kidonda kusafishwa, hata kama moyo wako unakimbilia huko kwanza.

Hatua ya kwanza: maji, sabuni, dakika 15

Mfungie mbwa popote penye mlango, kisha mwendee aliyeumwa. Usianze kueleza mbwa wako alivyo mpole siku zote. Usiulize alikuwa akitafuta nini kwako. Hayo yana wakati wake.

Mguu wa yule mtoto ulikuwa na matundu mawili tu, madogo kama ya msumari, na mkwaruzo mmoja mrefu. Damu haikuwa nyingi, na mtu asiyejua angesema plasta inatosha. Lakini jino la mbwa ni refu na jembamba. Linaingia ndani kuliko linavyoonyesha juu, na mate yanaingia nalo. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na bomba la uani, mama yake akamshika mabega, nami nikasugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia huku maji yakitiririka juu ya kidonda. Dakika 15 ni nyingi sana ukiwa umeinama. Nilipodhani tumemaliza, nikatazama simu: zilikuwa zimepita nne. Maji ya bomba yakakatika, tukaendelea kwa jerikeni.

Kuosha huku ndiko kunakoondoa sehemu kubwa ya virusi vya kichaa cha mbwa kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu. Baada ya hapo pakaa dawa ya kuua viini yenye ayodini au spiriti kama ipo. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu wala dawa ya miti. Usikifunge kidonda kwa kitambaa cha kubana, na usikubali kishonwe harakaharaka na mtu asiyejua kwamba ni cha mbwa.

Ni tukiwa pale bombani ndipo mama yake aliponiuliza bila kupaza sauti: “Baba Zawadi, huyu mbwa amechanjwa?”

Nilijua amechanjwa. Lini, sikukumbuka. Kadi niliitafuta kwenye droo zote mbili na sikuipata. Nilirudi mikono mitupu, na mama yule hakusema neno. Mpaka leo, ile dakika ya kurudi bila kadi huniuma kuliko fedha zote nilizolipa baadaye.

Hatua ya pili: hospitali siku hiyohiyo, nawe ukiwemo

Usimtume mtu na nauli. Nenda naye. Kwa Nakuru wengi wetu hukimbilia hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, ile wazee bado wanaiita PGH. Kisumu kuna Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia. Lililo la lazima ni kufika penye chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama ipo. Kituo kidogo cha afya kinaweza kuwa hakina, na kuzunguka na mtoto usiku kutafuta sindano ni jambo baya.

Mweleze daktari wazi: ni mbwa, ni wa kwangu, chanjo yake ni ya tarehe fulani au sijui. Kama ngozi imetoboka, kwa kawaida aliyeumwa huhitaji vitu viwili. Cha kwanza ni chanjo yenyewe, ambayo kwa ratiba tuliyoizoea hudungwa siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Siku hizi kuna ratiba fupi zaidi, na daktari ndiye huchagua. Cha pili ni imunoglobulini, kinga iliyo tayari, inayodungwa ndani na kandokando ya kidonda ili kumlinda mtu wakati mwili wake bado haujatengeneza kinga yake. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Ratiba hii haina ruhusa ya kurukwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu wote hufa, na dalili huchukua wiki kadhaa au miezi kabla ya kujitokeza. Kwa kawaida ni miezi miwili au mitatu, kidonda kikiwa kimepona na watu wamesahau. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na watoto ndio wengi katika wanaokufa. Shirika la Afya Duniani husema vifo 4 katika kila 10 ni vya watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo zile tarehe za sindano ziandike kwenye kalenda ya nyumba yako pia, si ya kwao peke yake. Mimi nilikuwa nawapigia jioni ya kuamkia kila sindano, na bodaboda nilimlipa mwenyewe.

Weka kila risiti. Piga picha kila karatasi. Kama unalipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe.

Hatua ya tatu: mbwa asiuawe, wala asipelekwe ushago

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, na tunakosea kwa hofu. Majirani watakusanyika wakitaka mbwa apigwe palepale. Wewe mwenyewe utafikiria kumpakia kwenye gari la asubuhi aende kwa wazee Kakamega au Bungoma hadi mambo yapoe. Usifanye lolote kati ya hayo.

Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua, kisha akishaugua hufa upesi. Ndiyo maana madaktari wa mifugo humweka mbwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Jibu hilo lina thamani kubwa kwa familia iliyo na mtoto anayedungwa sindano. Ukimuua mbwa umeliua jibu. Ukimpeleka ushago umelificha, na kama kweli anaumwa, umewapelekea wajukuu wa kijijini hatari ambayo hawajui imeshuka kutoka gari gani. Mbele ya polisi au mahakama, mbwa aliyetoweka siku moja baada ya kuuma husomeka vibaya sana.

Mfunge mahali palipozingirwa pande zote, mbali na watoto na mbwa wengine, ambapo unaweza kumpa maji na chakula bila kumgusa. Mjulishe ofisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako. Tazama kama anabadilika tabia, anashindwa kumeza, anatokwa na mate mengi, miguu ya nyuma inalegea, au anauma vitu ovyo. Ukiona dalili hizo, Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inakutaka uripoti na umtenge mnyama. Hili si hiari. Mbwa akifa ndani ya zile siku 10, usimzike wala usimguse kwa mikono mitupu. Mwite ofisa wa mifugo, kwa sababu uchunguzi hufanywa kwenye ubongo na kichwa kinapaswa kufika maabara kikiwa salama.

Siku ya kumi omba barua yenye tarehe na sahihi kwamba mbwa ameonekana akiwa mzima. Nakala moja ni yako, nyingine mpelekee mwenyewe aliyeumwa. Na aendelee na sindano mpaka daktari wake aseme vinginevyo. Barua ya mbwa haimpi mwenye mbwa ruhusa ya kusimamisha matibabu ya mtu.

Hatua ya nne: ripoti wewe mwenyewe

Nenda kituo cha polisi, eleza kilichotokea, pata nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Najua inaonekana kama kujipeleka jikoni ukiwa kuku. Lakini aliyeumwa ana haki ya kuripoti na huenda ataripoti, na maelezo ya mtu aliyekuja mwenyewe jioni ileile hayasikiki sawa na ya mtu aliyefuatwa. Aliyeumwa atapewa fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Fomu hiyo haiuzwi.

Mjulishe pia mzee wa mtaa au chifu. Kama unakaa ploti ya kupanga, mwambie mwenye ploti.

Sheria inasemaje hasa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kibao changu.

Kuna milango miwili, na watu huichanganya. Mmoja ni wa jinai. Kifungu cha 243 cha Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kinamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe wa kiasi cha kuhatarisha maisha au kuweza kumdhuru mwingine, anakosa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kutoka kwa mnyama aliye naye. Soma tena: aliye naye. Hakisemi mbwa aliyemnunua. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 2, au faini, au vyote viwili. Na kesi ya jinai haiondoki kwa sababu tu umemlipa aliyeumwa. Uamuzi wa kushtaki ni wa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ingawa kusikilizana kwenu kunaweza kuangaliwa.

Mlango wa pili ni wa fidia, na huu una njia zaidi ya moja ya kuingia.

Ya kwanza ni uzembe wa kawaida: geti liliachwa wazi, mnyororo ulikuwa na kutu, mbwa alifunguliwa saa ambayo watoto wanatoka shule. Mdai anathibitisha kwamba ulipaswa kuwa mwangalifu, hukuwa, na yeye akaumia kwa sababu hiyo.

Ya pili ndiyo iliyonishtua. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, iliturithisha kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali zetu zinavyoruhusu. Moja ya kanuni hizo za zamani inasema hivi: anayefuga mnyama wa nyumbani huku akijua kwamba huyo mnyama ana tabia ya ukali kwa watu, anawajibika kwa madhara yake hata kama hakuzembea. Ujuzi wake ndio unaomfunga. Uingereza wenyewe waliweka sheria mpya ya wanyama mwaka 1971, lakini sheria hiyo si yetu.

Sasa rudi getini. Mtu akitaka kuonyesha kwamba nilijua mbwa wangu ni mkali, ataanzia wapi? Ataanzia kwenye bati nililolilipia mwenyewe, nikaligongomea misumari minne, likakaa hapo miaka mitatu likitangaza kwa herufi kubwa kwamba najua. Kibao peke yake hakimalizi kesi, maana wengi hukiweka kutisha wezi hata kama mbwa mwenyewe ni mtoto wa miezi miwili. Lakini kiunge na jirani atakayesema mbwa huyu alimfukuza muuza maziwa mwezi wa Aprili, na mwingine atakayesema alinijia kulalamika nikamjibu “hana shida, haumi huyo.” Hapo ujuzi umekamilika.

Ya tatu ni Sheria ya Dhima ya Mwenye Makao, Sura ya 34. Anayekalia nyumba au uwanja ana wajibu wa kuhakikisha mgeni anayeingia kwa halali yuko salama kwa kiasi kinachofaa. Sheria hiyo inasema waziwazi kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima na mwenye makao anapaswa kulijua hilo. Inasema pia kwamba onyo halimwondolei mtu lawama isipokuwa kama linatosha kweli kumfanya mgeni awe salama. Mtoto wa miaka saba anayekimbilia mpira hasomi bati. Na kama kawaida watoto huingia kwako kufuata mpira kila wiki na hujawahi kuwakataza, kama ilivyokuwa kwangu, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa uliwaruhusu.

Ziko pia hoja za upande wako, na usione haya kuzitoa kama ni za kweli. Mtu aliyemchokoza mbwa, akamrushia mawe akiwa amefungwa, au aliyeruka ukuta usiku wa manane, hasimami pamoja na mtoto wa mpira. Mahakama inaweza kugawa lawama, mathalani sehemu moja kwake na sehemu kubwa kwako, na fidia ikapungua kwa kiasi hicho. Usimbebeshe tu mtoto mdogo lawama ya mtu mzima. Haitakubaliwa, na mtaani hutasahauliwa.

Swali linaloulizwa sana kwenye ploti: mbwa ni wa nani? Wapangaji kumi wanamrushia mifupa, mwangalizi wa ploti anamfungua usiku, mwenye ploti anakaa Nairobi. Wote husema “si wangu.” Sheria inamtazama anayemweka na kumtawala. Kama unamlisha kila siku, analala mlangoni kwako na anakuja ukimwita, usitegemee sana kwamba alianza maisha kama mbwa koko.

Na kama aliyeumwa ni mfanyakazi wako, yaani dada wa nyumbani, soja wa geti au mkata majani, akiwa kazini, kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007. Hiyo haimtaki athibitishe uzembe wako. Wewe ni mwajiri wake, yeye ameumia kazini, basi.

Haya yote hayahusu mbwa peke yake. Punda wa mkokoteni anayeuma, paka, hata fahali aliyezoea kupiga watu pembe: kanuni ya kujua na kanuni ya uzembe ni zilezile. Nyani wanaotoka Mbuga ya Ziwa Nakuru ni habari nyingine. Hao ni wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ingawa kidonda kinaoshwa vilevile.

Hatua ya tano: makubaliano yaliyoandikwa

Mimi na jirani zangu tulimalizana mezani, na naamini visa vingi vya mtaani vinaweza kuisha hivyo. Katiba yenyewe, Ibara ya 159, inahimiza usuluhishi. Lakini maneno ya mdomo yana maisha mafupi. Nenda ukiwa na mtu mmoja wa heshima, mzee wa mtaa au mtu wa kanisa au msikiti mnaoaminiana naye nyote, nao wawe na wao. Anza na pole kabla ya hesabu.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa pande zote mbili: msifunge hesabu kabla sindano hazijaisha. Kulipa elfu mbili jioni ileile na kumsainisha mtu kwamba “hana madai tena” ni kumwonea, na mahakamani karatasi kama hiyo haitakupendezesha. Andikeni kitu cha namna hii:

“Mimi ……, kitambulisho nambari ……, mkazi wa ……, nathibitisha kwamba tarehe …… mbwa niliye naye alimuuma …… (kama ni mtoto: mtoto wa ……). Tukio limeandikishwa kituo cha …… kwa OB nambari ……. Nitalipa gharama zote za matibabu ya jeraha hili, zikiwemo sindano zote za chanjo kama daktari alivyopanga, dawa, na nauli ya kwenda na kurudi. Nitamlipa pia …… mapato ya siku alizokosa kazi kwa kumpeleka hospitali. Malipo yatafanywa kwa M-Pesa na kila malipo yataandikwa nyuma ya karatasi hii. Fidia ya maumivu na makovu itazungumzwa baada ya sindano ya mwisho. Makubaliano haya hayaathiri haki za upande wowote kisheria.”

Sahihi za pande mbili, mashahidi wawili, tarehe. Nakala mbili. Karatasi yetu iliandikwa kwenye daftari la shule, na ilitosha.

Mama yule alipofika kwenye mstari wa mapato aliniambia hadai hayo, ana kibanda cha mboga na dada yake alimshikia. Nilimwomba tuyaandike tu. Asubuhi tano za kibanda ni asubuhi tano.

Hatua ya sita: rekebisha geti wiki hiyohiyo

Usingoje kesi iishe. Mwite fundi wa kuchomelea aweke komeo la ndani ambalo mkono wa mtoto haufikii na springi ya kulirudisha geti lenyewe. Weka kengele au kitasa cha kugonga, ili mtu asilazimike kuingia ndipo umsikie. Jenga kibanda chenye uzio wake ndani ya uwanja, mbwa akae humo mchana wageni wanapopita. Akitoka nje, awe na kamba mkononi mwa mtu mzima anayemmudu, na kama ameshawahi kuuma, kifungio cha mdomo. Kibao kibaki kama unataka, ila sasa kiwe na mambo haya nyuma yake.

Chanjo ni kila mwaka, kuanzia mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu. Kaunti nyingi huandaa chanjo za mtaani karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo sikiliza matangazo ya chifu. Leseni ya mbwa nayo ni kazi ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Uliza kwenye ofisi ya kaunti ndogo ada na masharti ya kwako. Kadi ya chanjo yangu sasa iko ndani ya mfuko wa plastiki, imening'inizwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Kila mtu wa nyumba hii anajua ilipo, hata Zawadi.

Hatua ya saba: ikifika mahakamani

Mkishindwa kuelewana, kwa kawaida utaanza kupata barua ya madai kutoka kwa aliyeumwa au wakili wake. Ijibu kwa maandishi. Barua iliyotupwa kabatini hairudi nyuma.

Madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya majeraha ya mwili, yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Hapo mtu anaweza kujisimamia bila wakili, taratibu si ngumu, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Madai makubwa zaidi huenda kwa hakimu. Muda wa kufungua kesi ya namna hii kwa mtu mzima ni miaka 3 tangu siku ya tukio, kwa hiyo usidhani kimya cha miezi sita ni msamaha. Kwa mtoto, mzazi au mlezi hufungua kwa niaba yake.

Mahakama hugawa fidia katika sehemu mbili. Gharama halisi, yaani dawa, nauli na siku za kazi, ni lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe. Zile risiti ulizohifadhi zitaonyesha ni kipi ulikwishalipa, usije ukalipa mara mbili. Fidia ya maumivu na kovu huamuliwa kwa kulinganisha na kesi za majeraha yanayofanana. Asiyeweza kumlipa wakili aulize kuhusu msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Beba nambari ya OB, kadi ya chanjo ya mbwa, barua ya ofisa wa mifugo ya siku ya kumi, risiti na ujumbe wa M-Pesa, makubaliano kama yalikuwepo, na picha za geti kabla na baada. Na hati ya kuitwa mahakamani ukiipokea, tazama kwanza siku ulizopewa za kujibu, uzihesabu kuanzia siku ulipoisaini. Usipojibu, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kuwapo, na mtu wa kwanza kukuletea habari akawa dalali wa mahakama akigonga geti lilelile.